Mkono wa Babu Anselmi

Tulimzika Bibi Skola siku ya Jumamosi, katika ile mvua ya milima ya Magamba ambayo haianguki, inasimama tu hewani mpaka kitenge kinakuwa kizito mabegani. Baada ya mazishi wanawake waliingia jikoni kuosha masufuria, wanaume wakabaki chini ya turubai wakizungumzia barabara iliyokatika, na mimi nikazunguka nyumba kwenda chumba cha mbele ambacho sikuwa nimekikanyaga kwa miaka mingi. Njia nzima watu walinishika mkono. "Shikamoo, mama." "Shikamoo, bibi." Niliitikia marahaba mpaka koo likakauka, nikawa najiuliza ni lini nilivuka kuja upande huu, maana katika nyumba ile mimi ndiye niliyekuwa wa kusalimia. Nyuma yangu mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake, kwa ule mnong'ono wa watu wa milimani unaosikika mpaka bonde la pili: "Huyo ndiye yule binti wa di-daa." "Di-daa gani tena?" "Si alikuwa anakaa mezani na marehemu mzee, di-di-daa, di-di-daa, jioni nzima. Watu wakasema wanaita mashetani, kumbe wanaita Tabora." Wakacheka, wakakumbuka wako msibani, wakanyamaza.

Chumba kimegeuzwa ghala la mahindi. Meza haipo, redio haipo, na mahali pa kiti cha Babu pamelazwa magunia matatu. Lakini kwenye fremu ya dirisha lile tundu bado lipo, duara dogo la kupitisha kalamu, lililochomwa kwa chuma cha moto ili waya utoke nje, upite juu ya bustani ya kabichi na kufungwa kwenye mkaratusi wa jirani. Niliingiza kidole, nikahisi baridi ya nje kwenye ncha yake. Siku hizi humtumia mwanangu salamu kwa simu, naziona zile alama mbili zikigeuka buluu, halafu kimya cha siku mbili. Ameisoma, hakuitikia. Simlaumu, ana kazi nyingi. Ila kila ninapozitazama alama zile mbili naukumbuka mwaka wangu wa pili katika nyumba hii, nikiwa na miaka ishirini, mwaka ambao salamu isiyoitikiwa iliniponza mimi, na karibu imponze mtu mwingine zaidi yangu.

Nilikuwa mpangaji wa Babu na Bibi, katika chumba kilichopakana na hiki, na kibarua wa kitalu cha miche ya msitu. Asubuhi nilijaza udongo kwenye viriba, vidole vikifa ganzi kwa baridi, na mchana nikirudi nilinusa kutoka njiani kama Bibi Skola amepika makande au viazi. Yeye na mumewe walikuwa wageni wa milima kama chai ilivyo mgeni wa milima, yaani kwa muda mrefu hata hakuna aliyekumbuka kuwaita wageni. Babu Anselmi alikuwa Mnyamwezi. Alifanya kazi ya simu za maandishi katika stesheni ya reli huko tambarare maisha yake yote, akipokea na kutuma habari za treni kwa mlio mfupi na mlio mrefu, na alipostaafu alipanda huku juu kwa sababu kifua chake kilipenda hewa hii. Alipanda na kitanda, mke, na redio ya kutuma na kupokea ambayo aliiunda mwenyewe na kuikatia leseni. Kila Jumapili saa kumi alasiri alizungumza na Mzee Kasimu wa Tabora. Waliajiriwa mwaka mmoja, wakalala chumba kimoja chuoni, halafu reli ikawagawa. Tangu hapo urafiki wao wote ulipita hewani. Mimi niliusikia kupitia ukuta wa mbao. Mwaka mzima, kabla sijajua kwamba ni lugha, nililala kitandani Jumapili alasiri nikisikiliza mlio mwembamba kama mtu anayepiga mluzi katikati ya meno, na nilikuwa nimeshaanza kutofautisha: huu ni wa mbali, huu ni wa hapa. Ule wa hapa ulichelewa kidogo kwenye mlio mrefu wa mwisho wa neno, kama mtu anayefunga mlango taratibu asiamshe mtoto.

Kisha mwanzoni mwa mwaka uliofuata Babu alipatwa na kiharusi. Miguu ilirudi, ulimi ukarudi, mkono wa kulia haukurudi. Uliketi mapajani kama kitu alichoombwa amshikie mtu. Jumapili ya kwanza aliyoweza kukaa mezani alijaribu kwa mkono wa kushoto. Nilikuwepo, nimemletea chai. Alibonyeza, akajikwaa, akarudia, na kutoka Tabora likaja jibu fupi, kali, ambalo lilimfanya auondoe mkono mezani kana kwamba ameungua. Nilimuuliza Mzee Kasimu amesema nini. "Amesema, wewe nani? Toka kwenye chombo cha Anselmi." Alifunga redio, na Jumapili zilizofuata hakuifungua. "Mwandikie barua basi, Babu, umweleze." Akanitazama kwa macho ambayo sikuyajua. Ndipo aliponieleza kwamba walipokuwa vijana, stesheni yao ilikuwa na mzee mmoja ambaye mkono wake ulianza kutetemeka, na wao wawili, yeye na Kasimu, walikuwa wakiuigiza mkono ule, milio yake ya kujikwaa, kwenye waya ili stesheni zote za njiani zicheke, mpaka mzee yule akaacha kazi kabla ya siku zake. "Kasimu asijue," alisema. "Akijua atacheka. Mimi mwenyewe ningecheka."

Haukupita muda akaja bwana wa ofisi inayosimamia leseni za redio, kijana mstaarabu mwenye koti la mvua. Alisalimia, akaketi, akapekua karatasi. "Mzee wangu, kanuni inataka mwenye leseni aweze kutuma kwa mkono wake, kwa kasi inayotakiwa." "Mkono upo," alisema Babu. "Naomba uuinue, mzee." Babu aliutazama mkono, haukusogea. Jikoni sufuria ililia, na Bibi Skola akaita, "Chai iko tayari, baba, usiondoke na baridi hii." Kijana alikunywa chai akiwa ameinamisha kichwa. Kabla ya kuondoka alisema kwamba kama mtu mwingine wa nyumba ile atafaulu mtihani wa mwezi wa sita Tanga, leseni itakaa kwa jina lake na redio itabaki hai. La sivyo atalazimika kutia lakiri upande wa kutuma. Kusikiliza kutaruhusiwa, kutuma hapana. Babu alimsindikiza mpaka mlangoni, akageuka, akanikuta nimesimama na kikombe mkononi. "Zuhura," alisema, "udongo wa viriba umekuharibu vidole?"

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Nilidhani nitakariri nukta na mistari kitabuni, na nilinunua daftari kabisa. Alilifunga. "Nukta na mistari ni vya macho. Hii ni kazi ya masikio. Usihesabu. Mama yako akikohoa uani, unahesabu kikohozi? Unajua tu kwamba ni yeye." Alifunga vibonyezo viwili vya shaba pande mbili za meza, vikaungwa na betri za tochi na kengele ndogo aliyoifunika soksi ili isituudhi, na hapo ndipo nilipoishi jioni zangu zote. Alinifundisha kusikiliza herufi ya sasa huku naandika iliyopita. "Andika ya juzi, sikiliza ya leo," alikuwa akisema, na mimi nikabaki na kalamu hewani, ya juzi imepotea na ya leo nayo imepita. Nilipochoka alinipa viazi nimenye huku naitaja kila herufi aliyoibonyeza, maana alisema mtu anayeweza kusikia huku anafanya kazi nyingine ndiye anayesikia kweli.

Na kulikuwa na sharti la salamu. Babu alisema alipofika milima hii kitu kilichomshangaza kuliko baridi ni jinsi Washambaa wanavyosalimiana: unakutana na mtu mwenye mzigo wa kuni kichwani, anasimama, anakuuliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba, na wewe unamuuliza zote hizo, na kuni ziko palepale kichwani. Alilipenda hilo. Alisema kazini walikuwa wakirukiana tu kama mbwa, treni hii, treni ile. Kwa hiyo somo letu halikuanza kwa mdomo. Niliingia kimya, nikaketi, nikabonyeza shikamoo, herufi zote nane, na sikuruhusiwa kubonyeza kingine chochote mpaka yeye aitikie. Siku niliyojisahau nikasema kwa mdomo, alinirudisha mlangoni niingie upya. Naye aliitikia kwa kushoto. Marahaba yake ilikuwa safari ndefu. Ilijikwaa, ikasimama, ikarudi nyuma. Kuna jioni ilimchukua dakika nzima kuimaliza, jasho likimtoka katika baridi ile, na mimi nimeketi mikono mapajani nikimsubiri kama unavyomsubiri mtu mzima apande ngazi. Nilijifunza kusubiri vizuri kuliko nilivyojifunza kitu kingine chochote.

Bibi Skola alipita nyuma yetu na vyungu vyake, akilalamika kwamba tunamaliza betri za tochi na yeye usiku anajikwaa kwenye kuku. Siku moja Babu alikuwa amelala, mimi niko jikoni namenya viazi na kubonyeza kwa kijiko ukingoni mwa beseni, najifanyia mazoezi. Nilikuwa nikibonyeza upuuzi: Bibi ana shuka jipya. "Si jipya," alisema Bibi Skola bila kugeuka, "nimelifua tu kwa majivu." Kijiko kilinitoka. Aligeuka, akaweka kidole mdomoni, mabega yakimcheza kwa kicheko. Miaka zaidi ya thelathini alikuwa amekaa upande wa pili wa ukuta na mlio ule. Hakuna aliyemfundisha, hakuweza kutuma hata herufi moja, lakini alisikia kila kitu. Mumewe hakujua. Alikuwa akimaliza mazungumzo yake marefu na Tabora, anakuja jikoni, anamwambia, "Kasimu anakusalimu," basi. "Siku moja alimwambia Kasimu mchuzi wangu una maji," Bibi alinieleza akijifuta macho. "Wiki nzima nikapika mchuzi wa kusimamisha kijiko. Akadhani maombi yake yamesikika. Wewe, Zuhura, ukimwambia nakufukuza chumba." Nilimuuliza kwa nini asimwambie. Alifikiri kidogo huku anaosha viazi. "Mtu akijua unamsikia, anaanza kuchagua maneno," alisema. "Nami nilitaka kumsikia yeye, siyo hayo aliyochagua."

Mwezi wa sita nilishuka Tanga kwa gauni la kuazima. Joto lilinishika koo tangu Mombo. Tulikuwa watahiniwa sita katika chumba kirefu chenye pangaboi lililogonga kila lilipozunguka, na nilikuwa nasikia herufi katika kugonga kwake, kwa bahati mbaya zisizo na maana. Mtihani wa kupokea ulikwenda kama maji. Niliandika ya juzi nikasikiliza ya leo, na nilipoiweka kalamu chini mikono ilikuwa mikavu. Wa kutuma ulikuwa wa mmoja mmoja. Unaketi mbele ya kibonyezo, umepewa karatasi ya maneno. Mtahini yuko chumba cha pili, humwoni, amevaa visikizio. Mama mmoja msimamizi amekaa nyuma yako na saa. Taa ndogo nyekundu ikiwaka, una dakika tatu.

Taa iliwaka. Nikajua upande wa pili yuko mtu mzima, maana wote walikuwa wakimwita mzee. Nikabonyeza shikamoo. Nikaweka mikono mapajani, nikasubiri.

Nilisubiri kwa utulivu kabisa. Sikuwa na wasiwasi wowote. Nilikuwa nimesubiri marahaba ngumu kuliko ile. Pangaboi likazunguka. Nikadhani labda waya umelegea, nikarudia, shikamoo, polepole zaidi, kila herufi imesimama wima. Nikasubiri tena. Nyuma yangu yule mama akakohoa. "Dada, anza." "Nimeshaanza, mama." "Sasa mbona umekaa?" "Nasubiri." "Unasubiri nini?" Nikamgeukia, nikamwambia kwa sauti ya chini, kwa sababu niliona ni jambo la aibu kwa yule aliye upande wa pili na sikutaka wengine wasikie: "Hajaitikia." Yule mama alinitazama, akatazama saa, na uso wake ukawa kama wa mtu anayemwona mtoto wa mwenzake akitembea kuelekea kisimani. "Binti yangu," alisema, "haruhusiwi kuitikia. Anza!" Niliivamia ile karatasi. Nilifika katikati yake taa ikazimika.

Mtahini alitoka mwenyewe. Alikuwa mfupi, mwenye mvi, visikizio vikimning'inia shingoni. "Nani kati yenu aliyenisalimia?" Wenzangu watano walitazama sakafu, mmoja akicheka puani. Nikanyoosha mkono. "Marahaba, mwanangu," alisema mbele ya wote. "Nilikusikia mara zote mbili. Lakini kwenye karatasi salamu haimo, na kila herufi isiyomo ni kosa, na muda wako mwingi umeniachia kimya. Kupokea umepata zote. Kutuma umefeli." Alikwisha kugeuka, akarudi. "Mwezi wa kumi na moja uje tena. Siku hiyo njoo bila adabu. Dakika tatu tu, halafu adabu yako utaichukua mlangoni ukitoka."

Sikumbuki njia ya kurudi. Nakumbuka Babu amekaa barazani na blanketi, na kwamba alinitazama nikipanda kile kimlima cha mwisho na akajua kabla sijafika. Nilimweleza yote. Nilitaka anikasirikie. Aliuliza, "Nani aliyekufundisha usianze mpaka uitikiwe?" "Wewe, Babu." "Basi nimefeli mimi," alisema, akauchukua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akaulaza vizuri chini ya blanketi.

Lakiri ilikuwa nyekundu, ya nta, na muhuri umegandamizwa katikati yake. Yule kijana wa koti la mvua aliitia akiomba radhi. Na hapo ndipo nilipoielewa adhabu yenyewe, ambayo hakuna kanuni iliyoikusudia. Jumapili saa kumi tulikaa mezani, Babu na mimi, Bibi Skola jikoni na mlango wazi, na Mzee Kasimu akaita. Aliita jina la chombo chetu mara tatu, akanyamaza, akasubiri. Tulisikia mlio wa hewa tupu, ule wa kama mvua ya mbali. Akaita tena mara tatu. Akasubiri. Babu aliuinua mkono wa kushoto, akaushusha kwenye meza tupu. Jumapili iliyofuata hivyo hivyo, na iliyofuata. Nimewahi kukaa na wagonjwa na kukaa na wafiwa, lakini sijakaa na kitu kizito kama kile cha kumsikia mtu akibisha hodi, unamjua, unampenda, uko nyuma ya mlango, na huwezi kusema karibu. Katika kile chumba cha Tanga nilikuwa nimesubiri dakika moja na nusu, nikadhani nimeonewa.

Miezi ile Mzee Kasimu hakuacha. Baada ya muda alianza kusema bila kujibiwa. Alieleza kwamba mvua imechelewa, kwamba goti linamsumbua, kwamba amenunua mbuzi. Bibi Skola alikuwa akiacha kazi anaposikiliza, na mimi nilijizuia kumtazama. Jumapili moja ya mwezi wa tisa alipiga maneno manne peke yake: "Anselmi, kama umekufa, sema." Babu alicheka. Alicheka kwa kelele, kwa mara ya kwanza tangu augue, mpaka machozi, mpaka machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha, na kutoka jikoni nikasikia Bibi naye akikohoa kikohozi kirefu cha kuficha kicheko. Kisha Mzee Kasimu akaongeza, kana kwamba amesikia aibu: "Mbuzi ana mimba."

Mwezi wa kumi na moja nilishuka tena. Taa iliwaka, na mimi nikabonyeza herufi ya kwanza ya karatasi bila kumsalimia mtu mzima aliyekuwa upande wa pili, nikahisi kama nimeingia nyumba ya watu na matope miguuni, nimewapita wenyewe sebuleni, nimekwenda moja kwa moja kufunua chungu. Mkono ulifanya kazi yake. Masikio yaliniwaka moto. Yule mzee mfupi alipotoka nilikuwa nimeshasimama mlangoni. "Leo hukunisalimia," alisema. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Hongera, mwanangu." Nilifaulu, na nilipokuwa nikipanda milima ile nilielewa kwamba nimefaulu kwa kufanya jambo ambalo nyumbani lingenifanya nirudishwe mlangoni.

Lakiri ilibanduliwa siku ya Ijumaa. Jumapili Babu alivaa shati jeupe na koti la kazini lenye vifungo vya shaba. Aliniketisha kwenye kiti chake, yeye akakaa pembeni, na kwa sauti ya kuamuru ambayo sikuwa nimewahi kuisikia alisema: "Leo hakuna Zuhura hapa. Wewe ni mimi. Unaujua mkono wangu?" Niliujua, ile namna yake ya kubonyeza. Nilikuwa nimeusikia mwaka mzima ukutani kabla haujafa, na ulikuwa umeingia vidoleni mwangu bila mimi kuukaribisha. Hata msimamizi wa Tanga aliniuliza kwa nini mwisho wa maneno yangu nauvuta. "Akikuuliza nilikuwa wapi, sema nilisafiri, nilikwenda kwa shemeji. Halafu endelea na habari za mvua." Bibi Skola alikuwa jikoni anamenya viazi. Kisu chake kilikuwa kimenyamaza.

Saa kumi Tabora ikaita. Mara tatu. Niliitika kwa jina la chombo, na nikaufunga mlango taratibu mwisho wa neno, kama yeye. Kisha herufi zikaja mbio, zikigongana: "Anselmi. Ndio wewe. Mkono wako huo nimeujua. Ulikuwa wapi?" Babu alishika ukingo wa meza. Hila ilikuwa imekubali. Alinitikisia kichwa: sasa, sema. Nilikuwa na uongo wote tayari kichwani, nilikwenda kwa shemeji, herufi zimepangwa foleni. Nikaweka kidole kwenye shaba. Upande wa pili alikuwepo mzee ambaye alinibishia hodi miezi mitano, na mimi ningeanza naye bila salamu, kama nilivyofanya Tanga, na isitoshe ningeanza kwa jina la mtu mwingine. Sikuamua. Mkono ulikwenda ulikozoea kwenda. Nilibonyeza shikamoo.

Babu aliijua kwenye herufi ya tatu. Aliuinua mkono wa kushoto kunizuia, na mkono ukabaki hewani, na mimi nikamalizia herufi zote nane. Nikaweka mikono mapajani. Tuliusikia mlio wa hewa tupu, mrefu. Sikuwa na la kufanya ila kile nilichofundishwa. Nilisubiri.

"Marahaba," ilisema Tabora. Ilikuja nzima, imesimama, haijajikwaa popote, marahaba ya kwanza ya namna hiyo kuipokea maishani. Kisha: "Mwanangu, mkono ni wake lakini yeye hanisalimii hivyo. Yuko hai?"

Nilimgeukia Babu. Uso wake ulikuwa umefunguka kama mtu aliyevuliwa kofia na upepo. Nilidhani atanifukuza kitini. Alisema polepole, ili niweze kumfuata: "Mwambie yuko hai. Mwambie mkono umekufa. Mwambie huo anaousikia nimeuazima." Nilibonyeza kila neno kama alivyolitoa. Tabora ikanyamaza. Babu alifumba macho, na nikajua anangoja kile kicheko cha ujana wao, stesheni hadi stesheni. Jibu lilikuja taratibu kuliko kawaida ya Mzee Kasimu. "Anselmi. Sasa yule mzee tumekuwa sisi. Endelea, nakusikiliza."

Hapo sote wawili tukawa hatuoni vizuri, na hewa ikawa inangoja. Ndipo kutoka jikoni, kwa sauti yake ya siku zote, ya kuita kuku, Bibi Skola akasema: "We Zuhura, mwulize yule mbuzi amezaa wangapi."

Babu Anselmi alifumbua macho. Alimgeukia mkewe, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na kiazi mkononi, ganda linaning'inia. "Skola," alisema, "habari za mbuzi umezijuaje?"

"Kwani wewe mchuzi mzito ulidhani umetoka wapi?"

Alimtazama. Nikaona akirudi nyuma, Jumapili baada ya Jumapili, miaka zaidi ya thelathini, akikagua kila alichowahi kusema. Kisha akavuta kiti cha tatu kwa mkono wa kushoto, akakisogeza mezani, akapangusa vumbi lake kwa mkono wa koti, na Bibi Skola akaja na beseni lake la viazi akaketi.

Nikamwuliza Mzee Kasimu. Amezaa wawili, alisema, na mmoja ni mweupe.